Doa Nyuma ya Sikio la Malkia

Kirisaka,
Tarehe 6 Machi

Kwako Dada Sanae,

Pokea salamu zangu, wewe na Shemeji Wataru na Kaho mdogo, huko kwenye theluji isiyojua kwamba Machi imeshaingia. Natumaini kifua cha Shemeji kimepona, na kwamba Kaho amelala usiku mzima japo mara moja nawe ukapata kufumba jicho. Huku tu wazima. Baba ni mzima isipokuwa macho, na Mama ni mzima, ulimi wake ndio mzima zaidi. Mimi nakula, nalala, naenda kazini, narudi. Ukiniuliza hali yangu sina jibu jingine zaidi ya hilo.

Kabla ya habari yoyote, Dada: lile doa usilifute. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, ile uliyoniuliza kwa utani kama siku hizi Baba anawatia wanasesere vipaku, maana umeona kidoa cheusi nyuma ya sikio la kushoto la malkia wa Kaho, na ukasema ukipata nafasi utakisugua kwa pamba yenye maji. Nimekupigia simu mara mbili, na mara zote mbili nimekata kabla haijaita. Kuna jambo kuhusu mwanasesere huyo nimekuficha. Linamhusu mtoto wako, na ndilo lililonikalisha kuandika. Nitalisema. Ila niruhusu nianze na sikukuu ya wanasesere, kwa sababu mambo yalifumukia huko, na kwa sababu nikianza na lenyewe nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana nyingine tatu.

Mama alishaniambia tangu Januari kwamba safari hii nisije mikono mitupu. Nije na mwanasesere wa Nagi, yule malkia, tarehe tatu apelekwe hekaluni akaagwe na kuchomwa pamoja na wa watu wengine. Alisema mwanangu ana mwaka na miezi miwili tangu atutoke, na mwanasesere aliyebaki bila mwenyewe hafai kukaa kabatini. Nikasema ndiyo. Siku hizi nasema ndiyo kwa kila kitu, ni rahisi.

Basi tarehe mbili nikapanda treni, sanduku la mwanasesere la mti mwepesi wa kiri mapajani. Bibi aliyekaa pembeni yangu aliliona, akatabasamu, akaniuliza binti yangu ana umri gani. Nikamjibu ana saba. Akasema umri mzuri huo, ndipo wanapojua kuwapanga wanasesere wenyewe bila kuvunja mkono wa mtu. Nikasema ndiyo. Akanipa chungwa, nikalila.

Mji wetu ulikuwa umefurika wageni kuliko ulivyouacha. Wanatembea makundi makundi na zile ramani za kugongewa mihuri, wakichungulia kila dirisha. Muuza tofu kawapanga wanasesere wa bibi yake juu ya mapipa. Yule kinyozi wa kona, usicheke, kamkalisha mfalme kwenye kiti cha kunyolea na malkia kwenye kiti cha kungojea. Maua ya mpichi kila mlango, na kila ukipita mtu anakushikisha kikombe cha togwa tamu ya mchele, ukikataa ananuna. Nilikunywa vikombe sita. Nilijua ni tamu kwa sababu naikumbuka kwamba ni tamu.

Nyumbani Mama alikuwa ametandika kitambaa chekundu kwenye ngazi zote saba za kuwapanga wanasesere, na malkia wako yuko juu kabisa, kama kila mwaka, ingawa wewe una miaka arobaini na miwili na mume juu. Bado anawasimulia wageni kwamba ulichelewa kuolewa kwa kosa lake, kwa sababu mwaka ule wa tetekuwanga hakuwaondoa wanasesere tarehe nne, aliwaacha wakakaa hadi tarehe kumi. Halafu anaongeza kwamba Mungu si Athumani, mtoto kapatikana, na anawaonyesha picha ya Kaho kwenye simu, wapende wasipende. Miaka kumi na mmoja mlimngoja mtoto huyo, Dada. Mimi niliwahesabia pia.

Akaja mama mmoja wa mjini, kavaa vizuri, akampenda mmoja wa wanasesere wa kale pale dirishani. Akauliza kama anaweza kuuzwa, anamtaka kwa ajili ya binti yake. Mama akamtazama toka utosini hadi viatuni. Akamwambia, "Mwanangu, huyu alikuwa wa mtu. Amekwishammezea mwenyewe homa zake na mabalaa yake yote, yamo humu ndani. Unataka kwenda kuyamwaga kwa mtoto wako? Mwanasesere haazimwi wala harithiwi, ni kama mswaki!" Yule mama alicheka akidhani ni mzaha. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikaendelea kulishika.

Alasiri nilizunguka mjini peke yangu. Nilitazama nyuso mia mbili, labda mia tatu. Zamani, unakumbuka, tulishindana kuotea, huu uso wa Baba, ule wa jirani, ule wa kiwandani, na wewe ulikuwa unanishinda. Safari hii zote zilikuwa unga wa magamba ya chaza uliokorogwa na gundi, basi. Nilijua zinapendeza kwa namna unavyojua chai ni ya moto kwa kuona mvuke. Nilimaliza mtaa mzima, nikagongewa mihuri yangu yote, nikarudi.

Nikamkuta Mzee Kuwabara kibarazani na Baba, wanachokozana. Yeye bado anapandikiza nywele vichwani mwa wanasesere, na bado anajiona ndiye aliyeujenga mji huu. Anamwambia Baba, "Kichwa chako bila nywele zangu ni yai tu." Baba anamjibu, "Na nywele zako bila kichwa changu ni ufagio." Wameyasema hayo miaka arobaini na wanacheka kila mara. Halafu Mzee Kuwabara akanigeukia, sauti ikashuka, akasema yule malkia wa Nagi nywele zake alizipandikiza kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba katika vichwa vyote alivyowahi kushikishwa hakuona uso kama ule. Akaomba nimfungulie sanduku autazame mara ya mwisho kabla haujaingia motoni. Nikamwambia nimeshaufunga kwenye karatasi, si vizuri kufungua mara mbili. Akanitazama kidogo. Akasema, haya, mwanangu, kesho basi.

Wakati wa kula, Mama alinipakulia wali wa siki na supu ya kombe, akanitazama ninavyokula, akaweka mwiko chini. Akaniuliza, "Chigusa, wewe hata chozi? Umemwekea nani?" Baba akamwambia amwache mtoto ale. Nami nilikula, nikamaliza, nikaosha vyombo.

Asubuhi ya tarehe tatu tukaenda hekaluni watatu sisi, Baba kanishika mkono maana ngazi zile hazioni tena. Watu walikuwa wengi, wengine wamebeba masanduku, wengine mifuko ya dukani. Utaratibu haujabadilika. Unaweka wako juu ya meza yenye kitambaa cheupe, mke wa mkuu wa hekalu anafungua karatasi ya usoni ili mwanasesere awaone watu wake mara moja ya mwisho, mnamshukuru, mnamnyunyizia chumvi, anachukuliwa. Mbele yetu alikuwepo mzee mmoja peke yake na malkia wa marehemu mkewe. Alimwambia yule mwanasesere, "Ahsante, ulimtunza, sasa pumzika," akapenga kamasi kwa kishindo mpaka watu wakacheka, na yeye akacheka. Nilimwonea wivu.

Ikafika zamu yetu. Mke wa mkuu wa hekalu akainua kifuniko. Mikono ipo, mavazi yapo, kichwa kimezungushiwa karatasi laini kama inavyotakiwa. Alipotaka kufungua, Baba akasema subiri mama, hebu nikishike kwanza, mimi ndiye niliyekitengeneza. Akakichukua. Akapitisha kidole gumba juu ya ile karatasi, kwenye kidevu, shavuni, halafu utosini. Pale utosini kidole kikasimama. Dada, moyo wangu haukwenda mbio. Nilisimama tu nikitazama kidole cha Baba, na nikawaza kwamba kucha yake inataka kukatwa.

Baba akakirudisha sandukuni, akafunika. Akainama, akamwambia yule mama watuwie radhi, wazee tumechanganyikiwa, tumebeba sanduku silo. Mama akaruka, "Silo vipi? Nililifuta vumbi mwenyewe!" Baba akasema, "Nimesema silo." Unajua Baba huwa hapandishi sauti. Tukarudi nyumbani, sanduku nimelibeba mimi.

Nyumbani akanikalisha kwenye kibanda cha kazi, akafunga mlango. Akasema macho yamemwacha, lakini kidole gumba hakijamwacha. Kile si kichwa alichomtengenezea Nagi, kile hakina hata unywele. Akaniuliza kimoja tu: "Kiko wapi?"

Nikamwambia kiko kwa Dada Sanae.

Sasa limeshatoka, acha nilinyooshe. Kaho alipozaliwa, Mama alisema nyumba ya wachonga vichwa haiwezi kumnunulia mjukuu mwanasesere dukani. Baba alikuwa amekwishaacha kuchora kwa sababu ya mtoto wa jicho, kwa hiyo mwili na mavazi vikaandaliwa huku, mimi nikatumiwa kichwa cheupe kitupu nikichore uso nyumbani kwangu, kisha kiende kwa Mzee Kuwabara kupandikizwa nywele. Nilikubali, nikasema ndiyo. Nilikaa nacho tangu Oktoba mpaka mwaka ukaisha. Kila jioni nilitoa brashi, nikalowesha wino, nikakaa. Nilichora, Dada. Nyusi zilikuwa sawasawa, macho sawasawa, mdomo mahali pake, na hapakuwa na mtu. Nikakwangua, nikachora tena, hapakuwa na mtu. Mkono haukutetemeka wala haukuuma. Ulikuwa umekufa ganzi, na mimi mwenyewe hivyo hivyo, na sikumwambia mtu kwa sababu nilishachoka kuambiwa pole.

Januari Mama akapiga simu, kichwa kiko wapi, sikukuu ya kwanza ya mtoto haingoji. Nikamwambia nimekimaliza, naomba anitumie mwili, nitafunga mzigo mwenyewe niutume kwako. Akauliza, na nywele? Nikamwambia nywele nimempa fundi wa huku. Huo ulikuwa uwongo wangu wa kwanza. Mwili ulipofika nikafungua kabati, nikatoa sanduku la Nagi, nikashika kichwa cha malkia wake, nikakivuta. Kilitoka kama kizibo cha chupa. Nikakichomeka kwenye mwili wa Kaho. Kilikaa sawa, Baba hachongi tofauti. Kile kipara nilichoshindwa nikakifunga karatasi, nikakiweka kwenye mwili wa Nagi ili sanduku lisiwe na shimo. Kazi yote haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Sikuhisi kitu, ni kama nilikuwa nabadilisha taa iliyoungua. Siku ya pili nikaenda posta.

Kwa hiyo mwanao ameketi mbele ya uso wa mwanangu sikukuu yake ya kwanza. Uso ambao ulipaswa kuchomwa, uliokesha na Nagi zile siku tatu za homa ya uti wa mgongo na haukuweza kummezea lolote. Mimi ni binti wa nyumba hii, siwezi kukuambia sikujua. Nilijua, na nilifunga mzigo kwa kamba.

Katika barua ile ile ya doa uliandika pia, mstari mmoja tu pembeni, kwamba Kaho alipata homa siku mbili ikapita. Niliusoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikakaa chini sakafuni. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichohisi tangu Novemba ile, nacho kilikuwa hofu, na nilishindwa kupiga simu.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu wala hakunibembeleza. Alitoka, nikamsikia anamwambia Mama. Nilingoja kelele. Zingenisaidia. Mama alikuja akasimama mlangoni na upawa mkononi, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwandikie dada yako." Akarudi jikoni. Baadaye nilimsikia analia, analia na kukata vitunguu majani kwa pamoja, kisu hakikusimama.

Tarehe nne, Mama alipokuwa anawafunga wanasesere wako ili wasije wakachelewesha ndoa nyingine, Baba alinitoa kitandani mapema. Akakwangua kile kichwa akakipaka upya, tabaka juu ya tabaka, kwa kupapasa. Kilipokauka akanipa brashi. Nikamwambia Baba, siwezi, nikichora hapatoki mtu. Akaniambia, "Nani kakuambia atoke mtu? Mtoto ana miezi sita. Huyo mtu bado hajafika. Wewe mwachie nafasi tu."

Nikanawa mikono kwanza, kwenye lile beseni la nje, unalijua, lilikuwa na barafu juu. Maji yaliuma, Dada. Yaliuma mpaka kwenye mifupa ya vidole, nikaitoa mikono haraka kama mtu mwingine yeyote. Halafu nikaingia nikachora. Sijui kama ni uso mzuri. Mdomo umekwenda kushoto kidogo, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Mzee Kuwabara alikipandikiza nywele siku mbili mfululizo bila kuuliza kitu, jambo ambalo kwake ni muujiza. Alipokileta alisema tu, "Yai lako hili, limepata ufagio."

Kichwa hicho ndicho kilichomo kwenye kifurushi hiki, kwenye kisanduku kidogo. Hiki ni cha Kaho, hakijawahi kuwa cha mtu mwingine. Hakikisha mikono yako ni mikavu. Shika mwili kwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kola, kizungushe kile cha zamani kulia kisha uvute juu, usikilazimishe. Kipya kisukume mpaka usikie kimegota. Cha Nagi kifunge karatasi laini, uso kwanza, halafu nywele, ukirudishe kwangu. Hekalu lina siku nyingine ya kuaga wakati wa vuli, Baba ameshaongea nao. Safari hii nitakwenda na kichwa na mwili, na nitamwambia ahsante kwa sauti.

Kama Shemeji atasema mwanasesere mzima atolewe nyumbani kwenu, mtoeni, nitamtengenezea Kaho mwingine. Kama utasema nisikanyage kwako, sitakanyaga. Nilimhatarisha mtoto wako kwa sababu mkono wangu ulikuwa mzito na sikutaka kusema hivyo. Sina utetezi. Nakuomba radhi, nimepiga magoti ninavyoandika mstari huu, na si kwa adabu, ni kwamba sikuweza kuuandika nimekaa.

Limebaki la doa. Nagi ndiye aliyelitia, akiwa na miaka mitano, kwa kalamu ya shule. Alikuwa na baka mahali hapo hapo, nyuma ya sikio la kushoto, wewe ndiye uliyeliona wa kwanza siku tunamwogesha. Akasema malkia wake hana, basi akichanganywa na wengine watu watajuaje ni wake? Nilimzaba kibao cha mkononi. Nikamwambia ameharibu kazi ya babu yake. Nilichukua pamba yenye maji, kama wewe, nikasugua, halikutoka lote, na yeye amesimama pembeni ananitazama bila kulia.

Msalimie sana Shemeji, mwambie ajifunge shingo. Mbusu Kaho kwenye utosi kwa niaba ya Mama, anasema mimi bado sistahili, nami nakubali. Baba anakusalimu, anasema shamba lenu la vitunguu lifunikwe, baridi haijaisha. Mume wangu Shunji naye anakusalimu, hajui bado, nitamwambia Jumapili.

Ukikigeuza kile kichwa kabla ya kukifunga, angalia nyuma ya sikio. Na kama ulishalifuta, Dada, nakuomba uniandikie kwamba bado lipo.

Mdogo wako,
Chigusa